TAHADHARI: Unayetafuta injini ya L28 hapa Mombasa, soma kwanza kabla hujatuma pesa

Wiki mbili nimenyamaza kwa aibu. Ile pikapu yangu ya Datsun 620 mnaijua, na mnajua nimeitafutia injini ya silinda sita, ile L28 ya Nissan, tangu lini, sirudii.

Niliitwa godauni moja Changamwe. Injini imekalishwa juu ya tairi bovu, imepakwa rangi ya buluu, kabureta tatu zimejipanga zinang'aa kama vyombo vya harusi. Yule bwana akaniambia, "Ami, hii ni L28, imetoka kwenye Patrol. Lita mbili nukta nane." Akaunga betri, akatundika petroli kwenye chupa ya maji, akapiga. Wallahi iliitika mara ya kwanza! Ule mngurumo ulinipiga kifuani nikasahau nina akili. Mie nimelelewa kwa hadithi za Datsun 240Z zilivyochukua Safari Rally 1971 na 1973, naye akaligundua hilo upesi, akaanza kunisimulia Shekhar Mehta, dereva aliyeshinda ile ya 1973, utadhani walikaa gari moja.

Kisha giaboksi, eti ya gia tano. Akanishika mkono, akauweka kwenye leva. "Hesabu mwenyewe, ami." Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Naam, tano. Ile ya tano ilikuwa rivasi. Nimehesabu rivasi, jamani, mie ninayewacheka wenzangu kwa kutojua magari.

Na msiniulize kwa nini nilimwamini. Ilipoadhiniwa adhuhuri aliacha kila kitu akaenda kuswali, mie nikabaki peke yangu na mali yake. Nilipozidisha mia tano ya mkokoteni, alinirudishia. Mtu wa hivyo utamwita mwizi? Nikatuma elfu tisini kwa M-Pesa. Wakati wa kupakia akazitoa zile kabureta, eti zisivunjike njiani, ataniletea mwenyewe jioni. Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa mdomo wangu.

Fundi wangu wa Jomvu alifungua hedi, kile kichwa cha juu ya silinda, abadilishe gasketi. Akanyamaza. Akachukua kipimo, akapima silinda ya kwanza, akapima ya pili, akaniita. Silinda ya L28 ina kipenyo cha milimita 86. Hii ilikuwa 78, zote sita. Ni L20, lita mbili tu, na kwa nje hizi mbili ni kama pacha. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, tulikuwa tumeshaifupisha kwa kipimo cha giaboksi ya gia tano niliyoahidiwa. Hii ya gia nne ni fupi, sasa haifiki.

Nilimpigia. "Ami, mie nimekuuzia injini inayowaka. Haikuwaka?" Tangu siku hiyo simu haipatikani, godauni lina kufuli jipya, na mlinzi anasema hamjui.

Polisi nimeshaandikisha, namba ya OB, kitabu chao cha matukio, ninayo. Lakini kwangu mie rumande ni starehe. Huyu abebeshwe bloki hiyo mabegani avuke nayo feri ya Likoni, aende arudi, aende arudi, mpaka elfu tisini zangu zitimie. Na anayemkodisha godauni afuatane naye.

Ishara zilikuwepo, sikatai. Rangi ilikuwa mbichi, ilinibaki kidoleni nikajifutia kwenye suruali. Ubavuni mwa bloki, chini kidogo ya hedi panapogongwa namba, pamesagwa, na ile 8 imelala upande. Karatasi hana hata moja, wakati NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, lazima waingize namba ya injini mpya kwenye logibuku. Bei nayo... basi tu. Mwambie muuzaji atoe hedi mbele yako upime. Akikataa, ondoka.

Nasikia wiki hii ana "L28" nyingine, upande wa Mikindani safari hii. Kabureta ni zilezile tatu zangu. Ya katikati ina mkwaruzo wa herufi V kwenye kifuniko. Ukiuona mkwaruzo huo, usimwambie kitu, nipigie mie kwanza.