Dawa za maumivu dukani: ipi ununue kwanza?

Ukiingia duka la dawa ukaomba "dawa ya maumivu" tu, muuzaji ndiye atakayekuchagulia. Heri uitaje kwa jina. Mpangilio wangu huu ni wa mtu mzima, kuanzia ile ninayoiamini zaidi.

Ya kwanza ni parasetamoli. Inashusha homa, inatuliza kichwa na maumivu ya mwili, na haichubui tumbo. Vidonge vya miligramu 500 humezwa kimoja au viwili, ukisubiri angalau saa 4 kabla ya kurudia, na visizidi 8 kwa saa 24. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza viwili vya kichwa, kisha anakoroga pakiti ya unga wa mafua, usiku anaongeza tena, na ini ndilo linalobeba mzigo wote. Tena aliyezidisha anaweza kujisikia mzima siku nzima ya kwanza huku ini likiharibika, kwa hiyo asisubiri dalili. Aende hospitali mara moja. Geuza boksi usome maandishi madogo. Likiandikwa acetaminophen, ni dawa hiyohiyo.

Ya pili, ibuprofeni. Kwa jino, hedhi au kifundo kilichovimba, mimi naiweka mbele ya parasetamoli, kwa sababu inapunguza na uvimbe. Kipimo ni miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku, baada ya kula. Bila daktari usivuke 1,200 kwa siku. Kemikali za mwili inazozizuia ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo, ndiyo maana mwenye vidonda vya tumbo aiache. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye pumu, na mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, wamuulize daktari kwanza.

Ya tatu ni jeli ya diklofenaki, kwa goti au msuli uliovutika. Dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo kuliko ya kumeza. Vidonge vyake sivipendekezi kununuliwa kiholela, maana vinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo.

Aspirini naiweka mwisho. Inazuia damu kuganda, kwa hiyo ni hatari kwa homa ya dengi, na walio chini ya miaka 16 wasipewe. Anayetumia kidogo kila siku kwa agizo la daktari wa moyo aendelee, hilo ni jambo jingine.

Amoksilini usiinunue kwa maumivu kabisa. Inaua bakteria, haitulizi kichwa.

Kwa mtoto, chukua parasetamoli ya maji, mwambie mfamasia uzito wake, na upime kwa bomba au kikombe cha dawa chenye alama, si kijiko cha chai.