Gold Monster 1000 pembeni ya karasha

Minelab Gold Monster 1000, mashine ya mkononi ya kutafutia dhahabu ardhini, inasifiwa kwa kunasa dhahabu ndogondogo, na sifa hiyo ni haki yake. Huku Chunya porini, kwenye ardhi isiyo na takataka, nimeokota nayo vipunje ambavyo kwenye mizani havikufika nusu gramu. Lakini wengi wetu hatupigi mashine porini tu. Tunazunguka pia pembeni ya mwalo, yaani mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, penye karasha (mashine ya kusaga mawe hayo), paa la mabati, tenki na Fuso limeegeshwa.

Hapo, kwa ile koili (sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi) ya umbo la yai ya inchi 10 kwa 6, ukibakiza kama hatua moja kufika kwenye bati mashine inapayuka hata ukiinua koili juu ya ardhi. Si mbovu. Koili inarusha usumaku, usumaku unaamsha umeme ndani ya metali yoyote iliyo jirani, na huo ndio unaorudi masikioni kama mlio. Chuma cha karasha ni kingi mno. Sauti yake inaifunika ya kipunje kilicho chini ya koili. Ukiweka hali ya kukataa chuma usifurahi mapema, maana bati pana mara nyingi husomeka kama metali ya maana. Na karasha likiwa linazungushwa na mota ya umeme ndiyo balaa kabisa. Mimi husubiri wazime waende kula.

Kinachonifanya nisiiuze ni koili ndogo ya duara, inchi 5. Eneo inalosoma ni dogo, kwa hiyo unaweza kusogea karibu zaidi kabla chuma cha pembeni hakijaingilia. Usikivu nautoa kwenye otomatiki, naushusha kwa mkono hadi 3 au 4. Kina kinapungua, ndiyo, lakini bora kusikia vya juujuu kuliko kutosikia kabisa. Halafu napiga sambamba na ukuta wa bati, siendi na kurudi kuuelekea: umbali usipobadilika, kelele ya bati inabaki ileile, na kitu kipya kikiingia utakijua. Simu iache kwenye begi mbali, na buti zenye chuma kwenye vidole zibaki nyumbani.

Alama za kwenye kioo zinazokisia kama ni dhahabu au chuma siziamini sana maeneo haya. Udongo wa mwaloni umejaa vipande vilivyomeguka kwenye gololi za karasha, misumari na nyaya. Natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Ikivuta kitu, natupa, naendelea.

Porini naipa nyota tano. Mwaloni tatu, na hata hizo ni kwa sababu koili ndogo inakuja ndani ya boksi lilelile, huongezi hela.