TAHADHARI: Wishiboni za "CDS" zinazouzwa mtandaoni kwa gari za kujijengea, huku Uingereza

Wakuu,

Kama unajenga gari la mtindo wa Lotus Seven, lile gari dogo la wazi la michezo, gereji kwako, haya tunayoyaita Locost, na umekutana na tangazo la seti kamili ya wishiboni za mbele (mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwenye chesisi), "paipu ya CDS, weldi ya TIG, zimepasishwa IVA", kwa bei ya karibu nusu ya wanayotoza watengenezaji wanaojulikana, usitume hela kabla hujasoma hapa. CDS ni paipu ya chuma isiyo na mshono, TIG ni aina ya weldi safi ya umeme na gesi, na IVA ni ukaguzi wa serikali wa gari kabla halijaruhusiwa barabarani.

Jina la muuzaji silitaji. Analibadilisha kila tangazo, kwa hiyo nikilitaja leo kesho halitakusaidia kitu. Mjue kwa mwenendo wake. Picha zake ni nzuri kupita kiasi, na ukizitafuta kwa picha mtandaoni unazikuta kwa watu wengine waliokuwa wakionyesha kazi za mikono yao miaka ya nyuma. Ukimwomba apige picha mpya wishiboni ikiwa imelala juu ya gazeti la leo, anakuwa na shughuli. Halafu hayo maneno ya "zimepasishwa IVA" yenyewe ni uongo wa wazi: IVA hupasisha gari zima, moja moja, siyo kipuri kilichomo kwenye boksi. Hakuna wishiboni yenye IVA.

Seti niliyoiona mimi ililetwa na kijana wetu mmoja hapa Coventry, alitaka nimsaidie kuifunga. Kuchomelea ndiyo kazi inayonilisha, na nikiri kwa macho zilikuwa zinavutia: nyeusi, zimepakwa rangi ya unga iliyookwa, nene kweli kweli. Huo unene ndio ulionipa mashaka. Fundi anayejivunia mshono wake haufuniki namna ile. Nikapitisha sumaku ndogo kwenye maungio. Sehemu mbili ikawa haing'ang'anii vizuri. Tulipokwangua rangi tukakuta puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi. Puti, wakuu, kwenye wishiboni! Chini yake mshono ulikuwa umesagwa na grainda ukawa bapa, yaani chuma kilichotakiwa kubeba mzigo kimeondolewa ili paonekane pazuri.

Muuzaji alipokwisha kutumiwa picha zote na kuacha kujibu, tukaamua kukata wishiboni moja ya chini. Tangazo lilisema paipu ya inchi moja, geji 12, ambayo ni unene wa milimita 2.64. Kalipa ikasoma 1.6, hiyo ni geji 16. Ndani ukipitisha kidole unakutana na mstari ulioinuka urefu wote wa paipu. CDS huvutwa ikiwa baridi na haina mshono, kwa hiyo ule mstari peke yake ulitosha kumaliza ubishi. Sisemi paipu ya mshono ni haramu. Zipo gari nyingi zinazotembea nayo, ikiwa na unene unaostahili na imechomelewa na mtu anayejua. Tatizo ni kuuziwa nyembamba kwa jina la nene.

Na wishiboni ya chini siyo mahali pa kubania chuma. Kwenye gari hizi shokapu na springi hukaa juu yake, kwa hiyo paipu haivutwi na kusukumwa tu, inapindwa pia. Ukikanyaga breki, barabara inalisukuma gurudumu nyuma, na wishiboni ya chini ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya nguvu hiyo kuliko ya juu. Pale inapoungana na nyumba ya bushi, kile kiungo kinachoifunga kwenye chesisi, ndipo panapochoka kwanza. Kwenye seti hii, weldi ya hapo ilikuwa imelala juu ya chuma bila kuingia. Tulipoibana kwenye vaisi na kuigonga nyundo, ikabanduka vipande. Nayo haikuwa TIG. Ni MIG, ile weldi ya waya unaojilisha wenyewe, iliyopigwa kwa moto mdogo.

La mwisho nililolipima ni ulinganifu. Ukiweka wishiboni ya kushoto juu ya ya kulia, moja umeigeuza, ukapitisha boliti moja ndefu kwenye bushi za zote mbili, matundu ya bolijointi, kiungo cha upande wa gurudumu, lazima yaangaliane. Haya yalikuwa yamepishana waziwazi. Hakuna jiga, ile fremu ya kushikia vipande visisogee wakati wa kuchomelea, iliyotumika hapo. Gari la hivyo litavuta upande mmoja na utahangaika na alaimenti bila kujua ugonjwa uko wapi.

Kwa anayetaka kujilinda bila kukata kitu: nunua chuma kitupu, kisichopakwa rangi, na muuzaji akikataa achana naye. Omba akutumie na kipande kilichobaki cha paipu ileile. Kipime kwa mizani ya jikoni: paipu ya inchi moja geji 12 ina takriban kilo moja na nusu kwa mita, ya geji 16 haifiki hata kilo moja. Tofauti hiyo haifichiki.

Kuhusu hela. Jamaa anasisitiza utume benki moja kwa moja, au kwa njia ile ya kutumiana marafiki na ndugu, eti kukwepa makato. Makato anayoyakwepa ndiyo ulinzi wako. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji. Akikwambia "nimekutengenezea kwa oda, hairudi", anachanganya mambo makusudi. Kitu cha oda hukosa zile siku 14 za kubadili mawazo tu. Kikiwa kibovu au si kile kilichotangazwa, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 kukikataa na kurudishiwa hela yako yote. Na mtu anayetangaza seti mpya kila wiki asikwambie yeye ni mtu binafsi anayeuza vyake vya gereji. Ni mfanyabiashara huyo. Piga simu Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, wao ndio wanaopeleka taarifa Trading Standards, wasimamizi wa biashara wa serikali za mitaa. Picha zote zipigwe kabla hujagusa rangi, na boksi lenye lebo ya posta usilitupe.

Aliyekwisha kuzifunga azifungue. Usijifariji kwamba mkaguzi wa IVA ataona. Yeye anaangalia kwa nje, hakati paipu ya mtu. Na kama siku yako ya IVA imeshapangwa na huna wishiboni nyingine, ahirisha. Gari hilo lisitembee barabarani kwa magurudumu yake, hata kwa safari ya kwenda kukaguliwa.