Duka la rangi lililonichafulia Regimenti ya 37

Brashi za duka hili ni nzuri, hilo nalisema mapema nisije nikaonekana mwenye chuki. Zile ndogo kabisa zina ncha inayotulia, na bei yake haiumizi. Kama umefuata brashi, nenda Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ukanunue. Vanishi yao ya kupuliza usiiguse.

Mimi hupaka rangi vijisanamu vya askari wa miguu wa karne ya 18, urefu milimita 28. Safari hii nilikuwa na Regimenti ya 37 ya Uingereza, mojawapo ya zile zilizosimama vitani Minden, Ujerumani, tarehe 1 Agosti 1759 na kuwarudisha nyuma wapandafarasi wa Ufaransa kwa risasi. Makoti yao yote ni mekundu. Regimenti hujulikana kwa rangi ya mikunjo ya koti, kifuani na mikononi. Ya 37 ni njano. Ya 23 ni buluu, kwa kuwa ni ya kifalme. Na njano juu ya nyekundu haikai, lazima utangulize nyeupe, kisha upitishe tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, kwa kila mkono wa kila askari. Hizo ni usiku nyingi za macho kuuma. (Miaka hiyo hapa kwetu walitawala Wamazrui, nao nitawapaka rangi siku moja inshallah.)

Ilibaki vanishi tu. Nikamweleza mwenye duka waziwazi: ni vitu vidogo, nataka isiyong'aa, na hewa ya masika waijua ilivyo. Akasema, "Chukua mzee, hii haina neno."

Nikapuliza pale barazani. Hata haijakauka vizuri, kikosi kizima kimeingia ukungu mweupe, nyekundu haionekani, njano haionekani. Nilipobandua kibandiko cha bei kwenye kopo, chini yake pana onyo: usitumie penye unyevu. Bei imebandikwa juu ya onyo, tena katika mji wa bahari!

Nikarudi na kopo na askari mmoja nimemfunga kwenye pamba. Kopo hakulitazama. Alimwinua askari kwa vidole viwili, akawaita wateja: "Oneni, mzee mzima na vidoli!" Wakacheka. Kisha akamtupa juu ya kaunta, bayoneti ikapinda. Pesa zangu nilikuwa tayari kuzisamehe. Ile bayoneti siisamehi. Mtu anayeuza rangi anaidharau vipi kazi ya mikono ya mwenziwe, mbele ya watu?

Aliyenifuata nje ni kijana wake wa dukani. "Ami, pitisha vanishi ya kung'aa juu yake kwa brashi, ukungu utaondoka." Nimefanya hivyo, na wengi wao nyekundu imerudi, ingawa sasa wanang'aa na itabidi niwazimishe upya kiangazi kikija. Wale waliopulizwa kwa karibu bado wana weupe kwenye mikunjo, mahali pale pale penye kazi.

Hapo juu nimewaambia mwende mkanunue brashi. Nafuta. Asiyejua adabu hastahili hata shilingi ya brashi. Lakini yule kijana ana haki yake, na anajua kazi kuliko tajiri wake. Basi mkienda, nendeni adhuhuri, mwenyewe akiwa ametoka kuswali, na mumuulize kijana.