Windows na Linux: Programu za Ujasusi na Vidakuzi

Programu za ujasusi, yaani zile zinazokusanya taarifa za mtumiaji kwa siri, huilenga mifumo ya uendeshaji ya Windows zaidi kuliko ya Linux, kwanza kwa sababu kompyuta binafsi zinazoitumia ni nyingi mno, na pili kwa sababu watumiaji wake wengi wamezoea kupakua programu kutoka tovuti yoyote, ilhali wale wa Linux huzipata zaidi katika hazina rasmi zenye saini za kidijitali zinazothibitisha chanzo cha programu. Kwa upande huo ningeichagua Linux bila kusita, ingawa nayo si kinga kamili: programu ya ujasusi haihitaji mamlaka ya msimamizi ili isome mafaili ya mtumiaji aliyeifungua.

Kuhusu vidakuzi, tofauti hiyo karibu inatoweka. Vidakuzi, vilivyobuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape, ni vipande vya data ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kompyuta ili imtambue mtumiaji; haviwezi kujiendesha, navyo husimamiwa na kivinjari. Ndiyo maana kivinjari cha Firefox hutenga vidakuzi vya kila tovuti kwa namna ile ile katika mifumo yote miwili. Hatari inayostahili kuogopwa zaidi ni programu ya ujasusi kuiba kidakuzi cha kikao, yaani kile kinachoonyesha kuwa mtumiaji tayari ameingia katika akaunti, kwani mwizi anaweza kuingia katika akaunti bila kuulizwa nywila. Hilo likitokea, katika mfumo wowote, programu hiyo iondolewe kwanza, kisha vikao vyote vifungwe na nywila zibadilishwe.