Kitabu cha Rosalind Cartwright kwa anayemwota mpenzi wake wa zamani

Mtu anayeuliza kwa nini amemwota mpenzi aliyeachana naye zamani hakosi majibu. Anachokosa ni jibu lililopimwa. Katika miji yetu ya pwani, mwanamke akieleza kwamba mtalaka wake amemjia usingizini, mmoja atamwambia kwamba mwanamume huyo bado anamuwaza, wa pili atashuku kwamba ameendewa kwa mganga, na wa tatu atamtajia jini mahaba, ambaye husemwa kwamba huja kwa sura ya mtu anayefahamika. Wapo pia wafasiri wa ndoto wanaotoza fedha kwa njia ya simu, na ambao hutoa jibu kabla hawajauliza waliachana lini na kwa hali gani. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kukipitia kwa makini kitabu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachoeleza vizuri zaidi sababu ya ndoto hizi: The Twenty-four Hour Mind cha Rosalind Cartwright, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 2010.

Cartwright alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani, aliyezaliwa New York mwaka 1922 na kufariki Chicago mwaka 2021. Alipokuwa kijana alifanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers katika Chuo Kikuu cha Chicago, na baadaye akaanzisha kituo cha utafiti na tiba ya usingizi katika hospitali ya Rush ya mji huohuo. Watu wa fani yake walimwita Malkia wa Ndoto. Kilichomtofautisha na wengi walioandika kuhusu ndoto ni kwamba kwa miaka mingi aliwachunguza watu wa aina moja, yaani watu wanaopitia talaka, na akawauliza walichokiota usiku uleule walipokuwa wanakiota, badala ya kusubiri masimulizi ya asubuhi ambayo huwa yamekwisha kupunguzwa na kupambwa.

Jinsi kazi hiyo ilivyofanyika inapendeza kuifuatilia. Mshiriki alilala katika maabara akiwa amebandikwa elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme wa mwili, kichwani na pembeni mwa macho, nyaya zake zikielekea chumba cha pili ambako mtafiti alikesha akiangalia mistari ya mawimbi ya ubongo. Mwaka 1953, katika mji huohuo wa Chicago, watafiti wa usingizi Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walikuwa wametangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huzunguka kwa kasi chini ya kope zilizofumba, na kwamba mtu akiamshwa wakati huo aghalabu husimulia ndoto. Kipindi hicho, kinachojulikana kwa herufi REM, hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na kila kinaporudi huelekea kuwa kirefu zaidi, ndiyo maana ndoto ndefu na zenye visa vingi ni zile za alfajiri. Mtafiti alipoona kipindi kinakaribia mwisho, alimwita mshiriki kwa jina kupitia kipaza sauti, akamuuliza ni nini kilichokuwa kikipita akilini mwake, akarekodi jibu, kisha akamwacha alale tena mpaka kipindi kinachofuata.

Kiini cha kitabu, na sababu ya mimi kukisifu, ni matokeo ya usiku hizo. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, Cartwright na wenzake walifuatilia watu 30 waliokuwa wakiachana na wenzi wao, 20 kati yao wakiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na 10 wakiwa hawana, ambao walilala maabarani kwa nyakati tatu katika muda wa miezi mitano. Jambo la kwanza walilolikuta ni la kawaida, lakini ni muhimu likathibitishwa: kadiri mtu alivyokuwa akimfikiria mwenzi wake wa zamani mchana, ndivyo mwenzi huyo alivyozidi kujitokeza katika ndoto zake. Hapa swali la kama yeye anakuwaza linapoteza mashiko, kwa maana kinachokwenda sambamba na ndoto ni mawazo ya mwotaji mwenyewe. Jambo la pili ndilo zito zaidi. Miongoni mwa waliokuwa na sonona, wale waliopona walikuwa na ndoto zilizokamilika zaidi kuliko wale waliobaki na ugonjwa, na ndoto zao kuhusu mtalaka zilitofautiana kwa sifa mbili: hisia zilidhihirika ndani ya ndoto, na mtalaka alichanganyika na kumbukumbu nyingine za maisha, za zamani na za karibuni, badala ya kusimama peke yake kama picha ukutani.

Wengi hudhani kwamba kumwota mtu aliyekuacha ni dalili ya kushindwa kusahau, na kwamba aliyepona ni yule asiyeota tena. Cartwright anaonyesha picha tofauti: katika kipindi kigumu, kumwota mtu huyo kwa hasira, kwa kilio, au katikati ya vurugu ya watu na mahali pasipohusiana, kunaweza kuwa sehemu ya kupona kwenyewe. Maelezo yake ni kwamba hisia nzito ya mchana haizimiki mtu anapolala. Inabaki hai, na kipindi cha REM kinapofika ubongo huitafutia kumbukumbu za zamani zinazofanana nayo kwa hisia, si kwa tukio, ukaziunganisha, na kwa kufanya hivyo ukaipunguza makali kabla ya asubuhi. Aliona kwamba kwa watu wasio na sonona ndoto za mwanzo wa usiku huelekea kuwa na uchungu zaidi na za mwisho huwa na nafuu. Katika sonona mpangilio huo huvurugika, na kipindi cha kwanza cha REM mara nyingi huja mapema mno.

Nitatoa mfano wa kwangu, kwa kuwa ndivyo nilivyokielewa kitabu. Katika miezi ya mwanzo baada ya talaka, nilimwota mume wangu wa zamani amekaa barazani amenipa mgongo, anakunywa chai, hasemi neno. Nami napita na ndoo ya maji pasipo kuhisi lolote. Shangazi yangu alinisikiliza, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, huyo hajatulia huko aliko, anakutaka urudi." Baadaye ndoto ilikuja kwa sura nyingine. Baraza ilikuwa ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama, ambako mwanamume huyo hakuwahi kukanyaga. Mimi nilivaa sare ya shule ya msingi, na nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakunirudishia funguo, nikalia mpaka nikaamka. Wakati ule ndoto hii ya pili ndiyo iliyonitia hofu, lakini kwa kipimo cha Cartwright ndiyo iliyo bora kati ya hizo mbili, kwa sababu hisia imetoka na maisha yangu ya kabla yake yameingia ndani. Sidai kwamba ndoto moja inathibitisha nadharia, bali nasema kwamba kitabu kilinipa namna ya kuisoma ambayo haikunilazimu kumpigia simu mtu yeyote asubuhi.

Nadharia hiyo inamsaidia pia msomaji ambaye hajaachana na mtu karibuni, ingawa mwandishi hamzungumzii sana. Nina maana ya mwanamke au mwanamume mwenye ndoa tulivu anayeshangaa kumwota mpenzi wake wa sekondari, kisha akabeba hatia ya siri siku nzima kana kwamba amefanya usaliti. Ikiwa ubongo huchagua kumbukumbu kwa kufanana kwa hisia, basi mtu aliyedharauliwa kazini leo anaweza kuletewa usiku yule wa zamani aliyewahi kumdharau, na mama aliyejifungua karibuni na anayejihisi ameachwa peke yake anaweza kuletewa yule aliyemwacha. Kinachofaa kuulizwa hapo ni hisia gani ya sasa iliyomwita huyo wa zamani, na jibu mara nyingi liko ndani ya wiki hiyohiyo. Ningependa Cartwright angelipa jambo hili sura nzima.

Baadhi ya wasomaji Waislamu watajiuliza kama kitabu hiki kinagongana na mafundisho waliyolelewa nayo. Binafsi sioni mgongano unaolazimika. Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inazitaja ndoto za aina tatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile inayotokana na mambo ambayo mtu huisemesha nafsi yake. Anachokichunguza Cartwright kinaingia moja kwa moja katika aina hiyo ya tatu, ambayo wafasiri wetu wa mitaani huiruka haraka kwa sababu haina la kutabiri. Tena kuna faida kubwa kwa mtu aliye katika eda, ambaye moyo wake bado ni mbichi, kujua kwamba yanayomjia usiku yanaweza kuwa ni mazungumzo ya nafsi yake na si amri ya kurejea.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue mapema. Kwanza, kitabu ni kipana kuliko swali letu. Sura kadhaa zinahusu kukosa usingizi, jinamizi, na watu wanaotembea usingizini, ikiwemo kesi ya mauaji ya Arizona ya mwaka 1997, ambapo mume alimuua mkewe na utetezi wake ukawa kwamba alikuwa amelala. Cartwright mwenyewe alitoa ushahidi upande wa utetezi, na mshtakiwa akatiwa hatiani mwaka 1999. Sura hizo zinasomeka vizuri mno, lakini aliyekuja kutafuta habari za mpenzi wa zamani atalazimika kuzivuka. Pili, washiriki ni wachache, na ni watu waliojitolea kulala maabarani Marekani. Huenda hawamo wanawake ambao mtalaka wao anaishi mtaa wa pili na huja kila Ijumaa kuwaona watoto, wala waliorejewa kisha wakaachwa tena, wala vijana waliokaushiwa simu na mpenzi pasipo neno la kwaheri. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwenda sambamba si kusababisha. Inawezekana kwamba ndoto zenye hisia ndizo zilizosaidia kupona. Inawezekana vilevile kwamba waliokuwa njiani kupona ndio waliopata nguvu ya kuota hivyo. Mwandishi ana msimamo wake, na anautetea kwa nguvu kuliko idadi ya washiriki inavyoruhusu. Msomaji makini aushike kama nadharia yenye ushahidi mzuri ambayo bado haijafungwa.

Kitabu hiki kinasomeka vizuri zaidi kikiambatanishwa na jaribio la mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, lililochapishwa mwaka 2004. Waliwaomba wanafunzi wamchague mtu wanayemfahamu, kisha kabla ya kulala waandike mawazo yao kwa dakika chache. Baadhi waliambiwa wajizuie kabisa kumfikiria mtu huyo. Waliojizuia ndio waliomwota zaidi. Kwa hiyo shauri tunalopeana kila siku, kwamba ukitaka kumsahau mtu ufukuze kila wazo lake, ufute picha zake na usilitaje jina lake, linaweza kumleta karibu zaidi usiku. Jambo hili linatia uzito mkubwa hoja ya Cartwright kwamba hisia isiyopewa nafasi mchana hutafuta nafasi yake usingizini.

Kwa upande wa usomaji, Kiingereza chake ni cha wazi, sentensi zake si za kukomoa, na istilahi za kitabibu hufafanuliwa zinapojitokeza mara ya kwanza. Aliyemaliza kidato cha nne na mwenye mazoea ya kusoma atakiweza, japo sura za katikati zinazoeleza hatua za usingizi zinahitaji utulivu. Hakina orodha za ishara za aina ya ukiota nyoka maana yake adui, na anayetaka orodha hizo hatapata kitu humu. Mshauri wa ndoa, muuguzi, imamu au mchungaji anayeletewa maswali haya na waumini wake atapata zaidi ya thamani ya fedha yake. Aliyeachana na mwenzi kwa vipigo, na ambaye kila usiku anaamka akitetemeka kwa ndoto ileile isiyobadilika, asikitegemee kitabu peke yake. Ndoto inayojirudia bila kusogea ni jambo la kupelekwa kwa daktari au mshauri nasaha.

Mwenye fedha za kitabu kimoja tu, na ambaye shida yake ni kuachana na wala si usingizi kwa jumla, atafute kwanza nakala ya Crisis Dreaming, ambacho Cartwright alikiandika pamoja na Lynne Lamberg na kukitoa mwaka 1992. Kimetangulia tafiti za baadaye, kwa hiyo sayansi yake ni ya zamani kidogo, lakini kinamfundisha msomaji hatua za kutambua ndoto mbaya ikiwa bado inaendelea, kubainisha kinachomuumiza ndani yake, kuisimamisha, na kuibadilisha mwelekeo. The Twenty-four Hour Mind kinaeleza kwa nini kazi hiyo inawezekana. Kile cha 1992 kinamwonyesha mtu namna ya kuifanya akiwa kitandani kwake.