DDU inang'oa draiva ya grafiki kweli, lakini hakikisha kwanza tatizo ni draiva

Display Driver Uninstaller, ambayo wengi huiita DDU, ni programu ya bure kutoka Wagnardsoft. Kazi yake ni kung'oa draiva ya kadi ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi hiyo, pamoja na mabaki yake: faili, huduma zinazojiwasha zenyewe na maandishi ya kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows. Inahudumia kadi za NVIDIA, AMD na Intel. Kwa kazi hiyo hatujaona inayoizidi. Tunachosikitikia ni jinsi inavyoendeshwa kiholela kwenye mashine ambazo zingeponywa kwa kubadilisha waya wa umeme.

Kwa hiyo anza na dalili. Kompyuta ikiganda, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Amri hiyo huiwasha upya draiva ya grafiki. Ukisikia mlio mfupi na picha ikarudi, mfumo ulikuwa hai na kilichokwama ni upande wa grafiki tu. Tangu Vista, Windows ina ulinzi uitwao TDR: kadi isipojibu ndani ya sekunde 2, draiva inazimwa na kuwashwa tena. Ikifanikiwa, utakuta kwenye Event Viewer, programu ya Windows ya kusomea kumbukumbu za matukio, tukio namba 4101 upande wa System, likitaja jina la draiva: nvlddmkm kama kadi ni ya NVIDIA, au jina linaloanza na amd kama ni ya AMD. Ikishindwa, unaletewa skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE.

Tukio hilo peke yake halithibitishi kuwa draiva ndiyo mbovu, kwa sababu hata kadi inayokosa umeme wa kutosha huacha alama ileile. Hapo ndipo inaposaidia Safe Mode, hali ya Windows kuwaka na vitu vya msingi tu (njia ya kuingia iko hapa chini). Humo Windows haipakii draiva ya NVIDIA wala AMD, inatumia draiva ya msingi ya Microsoft. Iache mashine humo nusu saa. Ikiganda hata huko, achana na DDU: kagua RAM, diski, joto na pawa saplai. Ikitulia, draiva ina kesi ya kujibu, ingawa kadi nayo haijaachiwa huru, maana humo haifanyi kazi nzito.

Migongano ya draiva huzaliwa wapi? Ya kwanza ni kuhama kampuni, yaani kutoa Radeon ya AMD na kuchomeka GeForce ya NVIDIA bila kuondoa draiva ya zamani. Ya pili inaudhi zaidi: unaweka draiva mpya ya AMD, kisha Windows Update inapachika toleo lake juu yake, na ukifungua AMD Software, programu ya mipangilio ya kadi, inakataa kwa madai kwamba haipatani na draiva iliyopo. Tena Windows huhifadhi nakala za draiva kwenye folda ya DriverStore. Ukiondoa draiva kupitia Device Manager bila kuweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta na faili zake, nakala inabaki, na mfumo unaweza kuirudisha wenyewe mara tu ukiwasha upya.

DDU hukata mzizi huo, mradi ufuate mpangilio. Pakua kwanza draiva utakayoiweka, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Faili hizi ni mamia ya megabaiti, hivyo angalia kifurushi chako kabla hujafuta chochote. Tengeneza restore point, yaani alama ya kuirudishia Windows ilivyokuwa. Hakikisha unalijua nenosiri la akaunti yako, kwa kuwa PIN huweza kukataa ndani ya Safe Mode, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wa kuifungulia mkononi. Wengi hukwama hapa, wakaishia kuilaumu DDU.

Kisha chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi, na usiiwashe mpaka draiva mpya imeingia. Ili kuingia Safe Mode, shikilia Shift ukibonyeza Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu chagua namba 4. Fungua DDU, upande wa kulia chagua GPU na kampuni ya kadi, bonyeza Clean and restart. Kama unabadilisha kadi yenyewe, chagua kitufe kinachosafisha na kuzima kabisa, ufungue kasha mashine ikiwa haina umeme. Ikiwaka tena skrini itakuwa na picha kubwa zisizo kali. Ni kawaida, ile ni draiva ya Microsoft. Weka draiva mpya, washa upya, ndipo urudishe intaneti.

Kasoro ya DDU ni dirisha lake lililojaa chaguo ambazo mgeni hazielewi. Kuna moja la kuizuia Windows Update isilete draiva. Linafaa sana siku ya usafishaji, lakini likisahaulika, ukichomeka printa mwezi ujao utashangaa Windows haiitafutii draiva. Kitufe cha kurudisha mipangilio hiyo ya vifaa kwenye hali ya mwanzo kimo humohumo. Kitumie ukimaliza.

Je, unaihitaji kila ukisasisha draiva? Hapana. Kisakinishi cha NVIDIA kina kisanduku cha clean installation ukipitia Custom, na AMD wana Cleanup Utility yao. Jaribu hizo kwanza, DDU uiweke kwa kuhama kampuni au kwa draiva iliyogoma kutoka.

Na kama 4101 inarudi baada ya usafi wote huo? Jaribu toleo la draiva la miezi michache nyuma. Likishindwa nalo, fungua kasha. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, kiunganishi cha pini 6 wati 75, cha pini 8 wati 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe waya mbili tofauti kutoka pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Kadi ya mtumba iangaliwe pia feni na pasta ya joto, ambayo ikikauka kadi hupanda joto hata draiva ikiwa mpya kabisa. Ushauri wa kuongeza TdrDelay, yaani zile sekunde 2 za TDR, kwenye rejista usiufuate kwa mashine ya kawaida: unaiongezea Windows muda wa kusubiri tu, na kadi iliyokwama sekunde 2 sasa itakuachia skrini iliyoganda kwa sekunde 10, kama ndizo ulizoweka.